Wakuu, faili zipi za MySQL zinatakiwa kwenda seva ya tawini na zipi zinabaki?

Mtoto_wa_Stoo

Wakuu habari za majukumu, naombeni mnisaidie kabla bosi hajarudi safari. Niko kitengo cha IT kwenye kampuni ya dawa za jumla, makao makuu Dar na tawi liko Mwanza. Seva kubwa ipo Dar, Ubuntu na MySQL 8.0, ile programu inayotunza databesi zetu. Mwanza kuna seva ndogo chini ya kaunta, kazi yake ni ili wale wauzaji waone bei na mzigo uliopo bila kutegemea laini ya Dar, maana ikikatika wanabaki wanatazamana na wateja. Kuuza kwenyewe wanaandika moja kwa moja Dar, ile ya kule ni ya kusoma tu.

Jamaa aliyekuwepo kabla yangu aliacha kroni moja, yaani kazi inayojiendesha yenyewe kwa saa, kila saa nane usiku inapiga rsync (inakopi) folda nzima ya /var/lib/mysql kutoka Dar kwenda Mwanza, ikimaliza inaristati MySQL ya kule. Nimeikuta inafanya kazi, nikaiacha ilivyo, kitu kinachotembea unakichokonoa wa nini.

Sasa Jumanne napigiwa simu saa mbili kasoro asubuhi, mfumo wa Mwanza hauwaki. Naingia nakuta MySQL imegoma, logi imejaa malalamiko eti namba ya logi ya kurasa fulani iko mbele kuliko ya mfumo wenyewe, yaani ukurasa unatoka kesho. Nikarudia rsync mchana, ikagoma vilevile. Nikawaza labda tunabeba takataka nyingi mno, ngoja nichague. Nikabeba folda ya stoo peke yake nikaipachika kwenye MySQL mpya kule, ikawaka vizuri lakini tebo hazipo, folda naiona, faili za .ibd naziona, ukiuliza inakwambia hakuna kitu.

Ndani ya hiyo folda kuu kuna ibdata1, mysql.ibd, undo_001 na undo_002, folda ya #innodb_redo, auto.cnf, binlog (logi za kila badiliko la data) kibao hadi 000412, vifaili vya .pem, halafu folda za databesi zenyewe ambazo ni stoo, mauzo, wateja, mishahara na logi_mfumo. Jumla gigi 46, katika hizo logi_mfumo pekee inakula 31. Swali langu ni jepesi tu, zipi zinakwenda na zipi zinabaki?

---

Mzee_wa_Kebo

Pole sana mdogo wangu. Hilo swali lako ni jepesi kuuliza tu. Kwa namna mnavyobeba, hakuna hata faili moja inayofaa kubebwa, na cha kushangaa siyo kwamba Jumanne imegoma, cha kushangaa ni kwamba siku zote hizo ilikuwa inawaka.

Chukulia muuza duka ana daftari kubwa na anaendelea kuandika. Wewe unapita na simu unapiga picha ukurasa mmoja mmoja, ukurasa wa 1 umeupiga saa nane kamili, ukurasa wa 40 umeupiga saa nane na dakika ishirini. Hapo katikati yeye kahamisha katoni kumi kutoka ukurasa wa 1 kwenda wa 40. Kwenye picha zako zile katoni zipo kotekote. Na hapo bado hujahesabu yale aliyonayo kichwani ambayo hajayaandika, maana InnoDB, ile injini ya MySQL inayotunza tebo, inakaa na kurasa zilizobadilika kwenye RAM na inazishusha kwenye diski kwa muda wake yenyewe. Sasa ile era yako ya "kesho" ndiyo hiyo hiyo, faili ya .ibd umeichukua mwishoni ikiwa mpya, ile redo, logi ya mabadiliko ya InnoDB, umeichukua mwanzoni ikiwa imezeeka, InnoDB ikiwaka inaona ukurasa una namba ambayo logi haijawahi kufika.

Na kwa nini folda ya stoo peke yake haionekani, ni kwa sababu kuanzia 8.0 orodha ya tebo zote iko ndani ya mysql.ibd. Faili ya .ibd bila hiyo ni sanduku lisilo na jina. Kwa hiyo ibdata1, mysql.ibd, undo, redo na zile folda ni familia moja, zinasafiri pamoja MySQL ikiwa imezimwa, au hazisafiri.

Najua hii tabia ilikotoka. Zamani enzi za MyISAM kila tebo ilikuwa na vifaili vyake vitatu, .frm, .MYD na .MYI, unaziloki tebo, unakopi, unapachika kule, maisha yanaendelea. Sisi wengine tumekula mkate kwa kazi hiyo. Ila hizo siku zimepita.

Kwa sasa ili Mwanza wapate pumzi fanya hivi, usiku wa Jumapili zima MySQL ya Dar kistaarabu, subiri izimike kweli, kopi, washa. Acha nyuma binlog zote pamoja na binlog.index, acha .pem zote maana ule ni ufunguo wa siri wa seva nyingine na Mwanza itajitengenezea zake ikiwaka, na acha auto.cnf. Narudia auto.cnf. Ndani yake kuna UUID ya seva, ukiibeba utakuwa na seva mbili zenye kitambulisho kimoja na siku ukitaka replikesheni, yaani seva moja ifuate yenyewe mabadiliko ya nyingine, zitakataana.

Halafu tupa hiyo kroni, funga replikesheni ya kweli. Dar ikiwaka tena itafungua binlog mpya, andika jina lake kwenye karatasi, hapo ndipo Mwanza ataanzia, mahali namba 4 ndani ya hiyo faili.

---

Dada_Terminali

Nakubaliana na Mzee kwa yote, ila mdogo wangu kuna kitu umekisema kama utani na mimi kimenisimamisha. Folda ya mishahara imekuwa ikienda Mwanza kila usiku? Yaani mshahara wa kila mtu kampuni nzima umelala kwenye seva iliyo chini ya kaunta, sehemu ambayo anayefagia anachomoa waya achomeke feni? Na wateja nao, nyie ni watu wa dawa, sitaki hata kuuliza mle mmeandika nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, siku mtu akija kukagua utamwambia ni kroni niliyoikuta?

Kwa hiyo acha kufikiria faili, fikiria tebo, na kwenye kila tebo jiulize nani yuko Mwanza anaisoma hii na ikikosekana nini kinakwama. Mimi huwa nakaa na mtu wa kaunta kabisa, namwambia nionyeshe unavyofanya kazi, ndiyo najua. Bei, bidhaa, salio la stoo, hizo bila shaka. Mauzo labda ya miezi ya karibuni. Mishahara hapana. Logi_mfumo nani wa kaunta anasoma logi? Na ukikuta tebo za seshen za watu walioingia kwenye mfumo usizibebe kabisa, zinaandikwa kila sekunde na hazina maana yoyote kule.

Ukishapata orodha yako usikimbilie kuchuja, angalia kwanza nani kamshika nani. Nakisia mauzo.ankara ina funguo ya kigeni kwenda wateja, yaani kila ankara lazima mteja wake awepo. Ukibeba ankara ukaacha wateja, ankara ya kwanza ya mteja mpya itafika Mwanza imtafute mama yake isimuone, kosa 1452, replikesheni inasimama palepale na wewe utajua kesho yake kwa simu. Utaona dalili mapema, ukijaribu kuifuta tebo ya wateja pale Mwanza MySQL itakukatalia. Dawa yake ni kwamba pale Mwanza tu unaiondoa hiyo funguo ya kigeni, ankara inabaki na namba ya mteja bila jina, na kwa kaunta inatosha.

---

Kichwa_Ngumu

Mimi napinga. Bebeni kila kitu. Diski siku hizi siyo mali, na siku Dar ikiungua mtafanyaje na nusu databesi? Nimeona kampuni moja walichagua chagua hivi, seva kubwa ikafa, wakasema si tuna replika, kufungua wakakuta tebo za risiti hazimo, mtu fulani aliona zinajaza nafasi. Walikaa wiki wanaingiza kwa mkono kutoka kwenye makaratasi.

---

Dada_Terminali

Kichwa hoja yako ni ya kweli ila hizo ni kazi mbili tofauti. Replika ya kuokoa maisha inabeba kila kitu, haichujwi hata tebo moja, na inakaa mahali penye mlango na kufuli, siyo chini ya kaunta. Replika ya kusomea inabeba kinachosomwa. Ukitaka moja ifanye zote mbili utapata mshahara kaunta au utapata nusu databesi siku ya moto. Mtoto_wa_Stoo nyie hiyo ya kwanza mnayo?

---

Mtoto_wa_Stoo

Hatuna dada. Tuna bakapu ya mysqldump kila Jumapili kwenye diski ya nje ambayo huwa naenda nayo nyumbani.

Kuhusu mishahara nimenyamaza kwanza, bosi akirudi namwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu.

---

Kijana_wa_Eldo

Niaje wadau, mimi niko Eldoret na hii maneno ilinila mbaya kwa hivyo wacha niseme. Nilikuwa nimeshika mambo ya kompyuta ya hadwea moja iko na matawi, laini ya tawi ilikuwa ya 4G, data ya kununua. Nikaweka vichujio kwa upande wa tawi, replicate-wild-ignore-table ya databesi ya logi, nikajua nimeokoa. Mwisho wa mwezi data imeisha vilevile. Nikalaumu watu wa laini, nikapiga kelele huko, kumbe shida ni mimi.

Vile inafanya ni hivi. Pale kwa replika kuna kazi mbili, kuna yule wa kuvuta na yule wa kuandika. Yule wa kuvuta anavuta binlog yote kutoka kwa masta, ile seva kubwa, yote, haangalii kichujio chochote, anaiweka kwa relay log hapo kwa diski ya tawi. Yule wa kuandika ndiye anasoma kichujio, hii naweka, hii natupa. Kwa hivyo gigi zako 31 za logi vile zinazidi kukua zitasafiri Dar mpaka Mwanza ndio zikatupwe huko Mwanza.

Na dada hapo juu amesema mambo ya mishahara, sasa ona, hata ukichuja hivyo bado mishahara inapita kwa relay log ya Mwanza. Inafutwa baadaye ndio, lakini imepita, na mwenye anajua mysqlbinlog, ile programu ya kusoma binlog, anasoma kama gazeti.

---

Dada_Terminali

Hapo umenisaidia kaka, nilikuwa nakuja na hilo hilo. Kuchuja kwenye replika ni kuamua kinachoandikwa, siyo kinachosafiri.

---

Mtoto_wa_Stoo

Sasa si niweke binlog-ignore-db pale Dar kwa mishahara na logi_mfumo? Ikizuiwa kwenye chanzo haisafiri.

---

Mzee_wa_Kebo

Haisafiri ni kweli, lakini pia haijaandikwa popote. Siku mhasibu akifuta mishahara ya mwezi saa tisa alasiri ya Ijumaa, wewe una bakapu ya Jumapili, ungeirudisha kisha ungechezesha binlog kutoka Jumapili hadi saa nane na dakika hamsini na tisa na mtu asingejua kilichotokea. Kwa binlog-ignore-db huna cha kuchezesha. Utarudisha ya Jumapili na wiki nzima imekwenda na maji.

Cha kufanya ni kuzihamisha. Hapohapo Dar anzisha MySQL ya pili, mlango 3307, folda yake, binlog yake, mishahara na logi_mfumo zikakae huko. Programu ya mishahara unabadilisha mstari mmoja tu wa mlango. Mwanza inaunganishwa na ile ya zamani ya 3306 pekee. Tena ile replika ya kuokoa maisha anayoisema Kichwa, ukiipata, inavuta zote mbili kwa chaneli mbili, hiyo ipo tangu 5.7.

Kuna ujanja mwingine watu wanaupenda wa kuweka replika ya kati yenye injini ya BLACKHOLE, isiyohifadhi data yoyote, ili ichuje hapohapo kwenye chanzo. Usiuguse. Kwa binlog ya ROW, inayoandika mistari iliyobadilika badala ya amri zenyewe, ile BLACKHOLE inaruka UPDATE na DELETE (kubadilisha na kufuta), haiziandiki, utakuja kukuta bidhaa Mwanza zinaongezeka tu hazipungui.

---

Mtoto_wa_Stoo

Mzee nimefanya yako ya Jumapili, nimezima Dar dakika 40, Mwanza wamewaka na wako na data ya jana yake, angalau simu zimepungua. Mishahara na logi nimeanza kuzihamishia 3307.

Ila nimejaribu kichujio kwanza kwenye laptopu yangu kama majaribio, nimeandika replicate-do-db=stoo,mauzo, nikaristati, hakuna kinachoingia. Nikiangalia hali ya replika, yule wa kuvuta na yule wa kuandika wote wanasema Yes, sekunde za kuchelewa sifuri, na pale kwenye Replicate_Do_DB imeandika vizuri kabisa stoo,mauzo. Ila tebo haziongezeki hata mstari mmoja.

---

Dada_Terminali

Koma hiyo. Jina la databesi linaruhusiwa kuwa na koma ndani yake kwa hiyo MySQL imeelewa unataka databesi moja inayoitwa "stoo,mauzo", na kwenye hali ya replika inaonekana sawasawa na ukiziandika mbili ndiyo maana watu wengi wanapotelea hapo. Kila moja mstari wake, ya stoo mstari wake na ya mauzo mstari wake.

Ila usitumie do-db kabisa. Ngoja nikupe iliyonikuta. Mimi nilikuwa na replicate-do-db=stoo kwenye seva moja, mambo safi. Siku moja mwenzangu yuko kwenye USE ripoti, yaani amesimama kwenye databesi ya ripoti, akaandika ALTER TABLE stoo.bei akaongeza kolamu mwishoni. Zile INSERT na UPDATE zikiwa kwenye ROW zinachujwa kwa databesi ya tebo yenyewe, lakini ALTER kila siku inaandikwa kama sentensi, na sentensi do-db inaichuja kwa databesi uliyokuwa umesimama. Yeye alisimama ripoti. Replika ikaitupa. Halafu kilichonikera ni kwamba haikusimama, kolamu ikiwa ya mwisho kabisa replika inaendelea kupokea mistari na ile ya ziada inaiacha, kwa hiyo wiki tatu tulikuwa na kolamu ya punguzo ambayo tawini haipo na kila mtu anasema bei ni ile ile.

Tumia replicate-wild-do-table=stoo.% kisha mstari mwingine mauzo.%, hiyo inaangalia tebo inayoguswa, siyo ulikosimama. Na ukiwa na jina lenye mstari wa chini kama logi_mfumo, kwenye hizi wild ule mstari ni herufi yoyote moja, kwa hiyo weka mkwaju wa nyuma mbele yake.

---

Kijana_wa_Eldo

Na hiyo tebo ya bidhaa iko na nini ndani? Kuna picha?

---

Mtoto_wa_Stoo

Ndiyo, kuna kolamu ya picha, MEDIUMBLOB, picha ya boksi la dawa ili muuzaji asichanganye. Kama kilobaiti 300 kila moja. Kwa nini?

---

Kijana_wa_Eldo

Na idadi ya mzigo iko kwa tebo hiyo hiyo?

---

Mtoto_wa_Stoo

Ndiyo hiyo hiyo.

---

Kijana_wa_Eldo

Maze. Sasa fungua binlog moja hapo Dar uangalie, mysqlbinlog -v --base64-output=DECODE-ROWS binlog.000412 kisha upeleke kwa less, tafuta UPDATE ya bidhaa.

---

Mtoto_wa_Stoo

Nimeangalia. Sijui nicheke au nilie.

Mtu wa kaunta kauza boksi moja la paracetamol. Kinachobadilika ni idadi, kutoka 212 kwenda 211. Kwenye binlog kuna sehemu ya WHERE yenye kolamu zote za zamani pamoja na picha nzima, halafu sehemu ya SET yenye kolamu zote mpya na picha nzima tena, ileile. Nimebonyeza spesi kwenye less kidole kikachoka.

---

Kijana_wa_Eldo

Hiyo ni binlog_row_image ikiwa FULL, ndio ya kawaida. Kila UPDATE inabeba mstari wote vile ulikuwa na mstari wote vile umekuwa. Kilobaiti 300 mara mbili ni 600 kwa boksi moja. Mkiuza mara 400 kwa siku hiyo ni megabaiti 240 za picha za maboksi ambazo Mwanza tayari iko nazo.

Weka noblob pale kwa masta, picha haitaandikwa mpaka siku ibadilike kweli. Minimal inapunguza zaidi, inabeba funguo kuu, ile namba ya kutambulisha kila mstari, na kile kimebadilika basi, lakini hakikisha kila tebo iko na funguo kuu na ni ileile pande zote mbili, tebo haina funguo kuu inarudi kubeba kolamu zote za zamani. Kama uko 8.0.20 kuenda juu kuna binlog_transaction_compression pia, ile inafinya kwa zstd, lakini picha za JPEG hazifinyiki tena kwa hivyo usitegemee hiyo peke yake.

---

Kichwa_Ngumu

Picha ndani ya databesi. Watu mna moyo.

---

Mtoto_wa_Stoo

Nimeikuta mkuu!!

---

Mzee_wa_Kebo

Mwache kijana. Toa picha uziweke tebo yake, bidhaa_picha yenye namba ya bidhaa na picha, hiyo inabadilika mara moja kwa mwaka. Lakini leo weka noblob kwanza ulale.

Na hiyo bakapu ya kwenye begi iendelee, tena iwe ya kila siku. Replikesheni haikukingi na mkono wako mwenyewe, ukipiga DELETE ukasahau WHERE pale Dar, Mwanza nayo inafuta kwa uaminifu mkubwa kabla hujainua kidole. Ile replika ya pili ukija kuipata iwekee SOURCE_DELAY ya 3600, iwe nyuma saa moja makusudi.

Halafu pale Mwanza washa super_read_only, mtu yeyote asiweze kuandika. Kuna siku mtu mwerevu wa tawi atataka kurekebisha bei kulekule.

---

Mtoto_wa_Stoo

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita nimeona siyo vizuri nikae kimya.

Bosi nilimwambia mambo ya mishahara mwenyewe. Hakufoka, aliuliza tu wa kwake nao ulikuwemo, nikasema ndiyo, akanyamaza kitambo, akasema nunua seva ya pili. Kwa hiyo ile ya kuokoa maisha inakuja, itakaa chumba cha mhasibu chenye kufuli, itabeba 3306 na 3307 zote.

Mishahara na logi_mfumo ziko 3307, nimezifuta Mwanza, na wateja nayo nimeifuta, kweli ilinikatalia mpaka nikaondoa funguo ya kigeni kama dada alivyosema. Kilichobaki ni stoo na mauzo kwa zile wild. Tebo ya seshen ilikuwemo ndani ya mauzo, sijui nani aliiweka huko, nimeitungia replicate-wild-ignore-table yake lakini nikakumbuka ya Kijana kwamba bado inasafiri, nimewaomba waliotengeneza programu waihamishe, wamesema wataangalia. Noblob nimeweka, binlog ya siku nzima jana imefika megabaiti 11. Na dada mmoja wa kaunta Mwanza kanipigia kuuliza nani kabadilisha bei ya glovu maana yeye kaiona kwenye skrini kabla ya simu ya meneja, zamani walikuwa wanaiona kesho yake.

Kitu kimoja tu kilinitesa. Jumamosi nimemaliza kila kitu, napiga START REPLICA, yule wa kuvuta anakataa, anasema masta na replika wana UUID moja. Saa mbili nzima nimehangaika nabadilisha server_id, ya kwanza nikaweka 2, nikaweka 20, nikaweka 2000.

---

Mzee_wa_Kebo

auto.cnf.

---

Mtoto_wa_Stoo

auto.cnf mzee. Nimeifuta nikaristati ikawaka.